Buluu ya Pashedu

Pashedu alikuwa fundi rangi hodari, na sifa hiyo ungeisikia kwanza kutoka kinywani mwake mwenyewe. Pale Waseti, mji wa Misri ya kale, hakuna aliyekunywa naye pombe ya shayiri akaondoka bila kusimuliwa dari ya ukumbi mpya wa hekalu la mungu Amuni: nyota za manjano kwenye buluu, tai waliokunjua mbawa katikati, na vichwa vya nguzo vilivyochanua kama mafunjo ya asubuhi. Wenzake walishamzoea. Walimwacha aseme, wao wakamalizia samaki.

Mtu mmoja tu hakushawishika, naye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja. Hunero, mkewe, alisema haamini kazi asiyoiona, hasa kazi ya mtu aliyepaka mlango wa nyumba yake ukatoka na mabaka kama mbuzi. Alichokijua yeye kuhusu dari hiyo ni buluu. Pashedu alirudi nayo kila jioni, kwenye kucha, masikioni, mpaka kwenye nywele za kifua. Ilikuwa kwenye shuka, ilikuwa kwenye mkeka, na siku moja ilikutwa ndani ya mkate, binti yao Tuya akaula hivyo hivyo na kuomba mwingine. Hunero alishuka mtoni na kikapu cha nguo, akazipiga juu ya jiwe hadi mabega yakamuuma, huku wanawake wenzake wakimtania kwamba ameolewa na mbingu.

"Utaiona," Pashedu alimwambia kila mara. "Kifusi kikiisha, kabla makuhani hawajafunga mlango, nitakuingiza uione kwa macho yako. Naapa."

"Hata mlango wetu uliuapia, baba Tuya."

Ahadi hiyo ndiyo iliyoanza kumkosesha Pashedu raha, kwa sababu kifusi sasa kilikuwa kinaisha kweli. Ukumbi ule ulijengwa kama kumbi zote: kila safu ya mawe ilipopanda, udongo ulijazwa ndani, mpaka mawe ya dari yakaburutwa juu ya udongo huo na kulazwa mahali pake. Kisha udongo ulitolewa kidogo kidogo, na mafundi wakashuka nao, wakichonga na kupaka. Pashedu ndiye aliyeanza. Aliipaka dari akiwa amelala chali, pua ikikaribia kugusa nyota, na tangu siku hiyo dari yake ilikuwa ikimwacha na kwenda juu. Sasa yalibaki malundo machache tu sakafuni. Yakitoka, makuhani watautakasa ukumbi mwaka mpya ukiingia, nyumba itakabidhiwa mwenyewe, Amuni, na hakuna mtu wa kawaida atakayevuka kizingiti tena, awe fundi au mke wa fundi. Kwamba yeye mwenyewe hataiona tena kazi yake, hilo Pashedu alishalimeza. Lililomkaa kooni ni Hunero kuzeeka akidhani aliolewa na mwongo.

Alijikaza akaenda kumwomba ruhusa msimamizi, Khawi, mtu ambaye mishipa ya shingo ilimsimama ukimuuliza hata saa ya kula. Khawi alimjibu kwamba asiye na kazi ndani hana macho ndani, akamgeuzia mgongo.

Bahati ikaja na mto. Maji yalianza kupanda mapema, na wakulima waliokuwa wakibeba udongo wakakimbilia kuimarisha matuta ya mashamba yao bila hata kuaga. Khawi akabaki na malundo yake na vikapu vitupu. Pashedu alipita karibu kama mtu aliyekuwa akienda zake, akasema kwamba wanawake wa mtaa wao hubeba maji kutwa, na kikapu cha udongo kwao ni mchezo. Khawi alivitazama vikapu vyake vitupu, akakubali. Angewapa mkate na pombe, lakini kwa sharti moja.

"Wanaingia, wanajaza, wanatoka," alisema. "Sitaki kuona mtu amesimama ameshangaa."

Siku ile Pashedu alivaa kitani safi na kujipaka wanja, akasimama kati ya nguzo kama baba wa bibi harusi. Hunero aliingia na kikapu kutoka kwenye jua la Waseti, lile jua jeupe la kabla ya mafuriko, na ndani hakuona hata miguu yake. Macho yalipoanza kufunguka, kikapu kilishajaa na kiko kichwani, shingo imekaza, mbele yake mgongo wa jirani yake Takhati. Akatoka juani, akamwaga udongo, akarudi gizani. Ikawa hivyo kutwa nzima. Kila alipopita, Pashedu alimnong'oneza atazame juu, naye akamjibu kwamba akitazama juu udongo wote utamwishia usoni na Khawi atammalizia.

Jioni, malundo yalipokwisha, Pashedu alimuuliza ameona nini.

"Nimeona sakafu," alisema Hunero. "Sakafu nzuri. Umeipaka wewe?"

Wanawake walicheka njia nzima. Pashedu hakucheka, na nyumbani hakula. Kibaya zaidi, hakusema neno, mpaka Tuya akamshika paji la uso kuangalia kama ana homa. Hunero aliusogeza mkate karibu yake, akauongezea na kitunguu. Mume mwongo Hunero alishamzoea. Mumewe bubu alimtia huzuni, na alijilaumu kwa ule mzaha wa sakafu.

Asubuhi sauti ya Khawi ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mto ulikuwa umeingia ukumbini bila kupitia mlangoni. Maji yalipenya chini ya ardhi na kupanda katikati ya mawe ya sakafu, baridi na maangavu, yakafika kwenye vifundo vya miguu, na makuhani wangekuja kesho yake. Khawi aliwaomba wanawake wale wale waje na mitungi. Aliwaomba, si kuwaamuru, na Takhati akamfanya arudie mara ya pili ili aisikie vizuri.

Wakaingia wakichota kwa bakuli na kujaza. Madirisha ya juu yalikuwa yamefunguliwa ili unyevu utoke, lakini Hunero alifika kutoka juani kama jana, kipofu vile vile. Alijaza mtungi wake, akajitwisha, akaingia kwenye foleni. Basi hapo ndipo Takhati na wifi yake walipotaka kupita mlangoni kwa pamoja, mtungi wa mmoja ukagonga wa mwenzake, na kila mmoja akaapa kwamba hasogei mpaka aombwe radhi. Foleni nzima ikasimama. Mabakuli yakatulia, miguu ikatulia, na maji nayo yakatulia.

Hunero aliteremsha macho ili atazame pa kukanyaga. Macho tu, shingo ilikuwa ya mtungi.

Chini ya miguu yake kulikuwa na mbingu. Mwanga wa madirisha ulipiga maji ukarudi darini, dari ikang'aa, na maji yakaichukua yote na kuiweka sakafuni: nyota safu kwa safu, tai wamekunjua mbawa nyekundu na za kijani, nguzo zimezama kwenda chini mpaka kwenye vichwa vyao vilivyochanua. Na nyuma ya kila kitu ile buluu. Hunero alikuwa ameinua mguu mmoja. Akaushikilia hewani, hakujua aushushe wapi bila kukanyaga nyota.

Mlangoni wifi aliomba radhi kwa shingo upande, na foleni ikaanza kusogea. Hunero hakusogea. Aliyekuwa nyuma yake akamgusa kwa kiwiko, na Khawi akaja akirusharusha maji, akisema huyo mama vipi, atembee.

"Usinisukume, bwana Khawi," alisema Hunero bila kuinua macho. "Hii buluu nimeifua miaka yote hii. Leo niache niione ilikokuwa inatoka."

Khawi alifungua kinywa ajibu, akatazama chini kuona huyu mwanamke anatazama nini, akakifunga. Aliusimamia ukumbi ule tangu jiwe la kwanza na hakuwahi kusimama ndani yake akiwa kimya. Mmoja baada ya mwingine wanawake nao wakateremsha macho, mitungi vichwani.

Pashedu alikuwa kando ya nguzo, bakuli mkononi.

"Ni nyota," alisema.

"Naziona," alisema Hunero. "Ni nzuri, mume wangu. Ni nzuri kuliko ulivyosema."

Kwa furaha Pashedu akakaa kitako majini na kitani chake. Mbingu ikavunjika vipande. Hunero akamwambia atoke hapo, anamzibia.

Kesho yake makuhani walikuja wamenyolewa na wanang'aa, wakautakasa ukumbi, na mlango ukafungwa. Nje ngoma zilipigwa, pombe ikamiminwa, na kila aliyetaka kujua kuna nini ndani alielekezwa kwa mke wa fundi rangi. Hunero aliwasimulia. Jua lilipoanza kushuka bado alikuwa anasimulia, nyota zimezidi kuwa nyingi, tai wameanza kupiga mbawa, mafunjo ya nguzo yanaota kichwa chini. Pashedu alijaribu kusema kwamba hapana, mafunjo hayakuota kichwa chini.

"Wewe uliipaka tu, baba Tuya," alisema Hunero. "Mimi nimetembea juu yake."

Watu wakamgeukia Hunero wasikie zaidi. Pashedu akanyamaza, akamalizia samaki.