Chokoleti Kwenye Kopo la Bobini

Mimi ni fundi cherehani, na sipendi kufundishwa kulea. Binti yangu ni muuguzi. Alipopiga marufuku chokoleti nyumbani kwake nilinyamaza, lakini moyoni nikasema, mbona wewe nimekulea na hukufa? Redio ilishasema chokoleti ina madini, inasaidia damu. Basi kila alasiri mjukuu wangu Kidoti alipotoka shule na kuja kuniokotea pini chini ya meza, nilimtolea kipande kimoja kutoka kwenye kopo ninalowekea bobini za uzi wa cherehani.

"Usitafune, mumunya taratibu," nilimwambia. "Na mama yako asijue."

Kipande chenyewe kidogo kama kifungo cha koti. Alikaa nacho shavuni mpaka namaliza kupinda gauni.

Gego likaanza kumuuma, mimi na mama yake tukampeleka hospitali. Daktari wa meno alimmulika kinywani, akatikisa kichwa.

"Chokoleti kidogo baada ya chakula, kisha mswaki, si neno," alisema. "Lakini huyu anamumunya kitu kitamu muda mrefu, kila siku. Nani anampa?"

Haba na haba hujaza kibaba, na changu kilikuwa kimejaa kwenye jino la mtoto wa miaka saba. Nilitazama sakafu. Nilijua nikisema tu, alasiri zangu na Kidoti zimekwisha.

"Napewa na wenzangu shuleni," Kidoti akasema.

"Nimekukataza mara ngapi?" mama yake akamwambia. "Na siku hizi unaficha mambo. Sijui umejifunza kwa nani."

Jino liling'olewa. Kidoti hakulia. Mama yake alipokwenda kwenye dirisha la dawa, mtoto alinisogelea pale kwenye benchi, pamba mdomoni.

"Bibi, sikusema."

Alikuwa anangoja nimsifu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Jino lile lilikuwa la utoto, litaota jingine, lakini uongo ule niliupanda mimi, kwa mkono wangu.

Nikainuka, nikamfuata binti yangu dirishani.

"Ni mimi niliyekuwa nampa. Na kuficha nimemfundisha mimi."

Aliitazama bahasha ya dawa muda mrefu, kama mtu asiyejua kusoma.

"Kuanzia kesho akitoka shule atakaa kwa jirani, mama."

"Sawa, mwanangu."

Kidoti alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Hapo ndipo alipolia.