Benchi la Mapafu

Fundi alikuwa na wapinzani wengi, lakini hakuna aliyemkera kama shemeji yake, Kipara. Walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha sabuni miaka nenda miaka rudi, Kipara akampa dada yake amwoe, na sasa, wote wakiwa wastaafu, mtu huyo alikuwa ameliweka birika la ushindi juu ya kabati la sebuleni kwake, mahali ambapo hata kipofu asingelikosa.

Birika lenyewe lilikuwa la bati, limebonyea ubavuni. Walianza kulishindania ujanani. Saa ya mapumziko, wavuta sigara walikuwa wakisimama nyuma ya ghala, na wasiovuta wakikaa kwenye benchi la getini, idadi karibu sawa kwa sawa. Siku moja maneno yakazidi, mpira ukaletwa. Wavutaji wakajiita Mabomba, kwa heshima ya bomba la moshi la kiwanda, na wenzao, Kipara akiwa nahodha wao, wakajiita Mapafu. Tangu hapo ikawa mechi moja kila mwaka, na sheria zilikuwa mbili tu: huchezi Mabomba kama huvuti, na timu isiyofikisha watu saba haina chake tena, birika linabaki kwa wenzao moja kwa moja.

Enzi hizo Mabomba waliwatandika Mapafu mpaka watazamaji wakaona huruma. Fundi, nahodha wao, alizikumbuka siku hizo kama mtu anavyokumbuka harusi yake. Na kila mkewe alipoigusia sigara, jibu lilikuwa mfukoni pamoja na kiberiti.

"Babu yangu alivuta kiko mpaka akapita miaka tisini. Alikufa kwa kuanguka kwenye ngazi akipaka ukuta rangi. Kama ni lawama, tuipe ngazi."

"Babu tumeshamsikia, baba watoto," mkewe alimjibu. "Na wengine je?"

Asubuhi ya mechi Fundi aliondoka na begi tupu begani. Angewapitia wachezaji wake majumbani, kisha anunue machungwa ya mapumziko. Alikuwa na furaha zake, anapiga mluzi. Mwaka huu birika lilikuwa linarudi nyumbani, potelea mbali.

Alianza kwa winga wake, Umeme, ambaye zamani beki akigeuka kumtafuta alikuta vumbi tu. Alimkuta kwenye kiti mlangoni, anahema kwa safari ya kutoka kitandani.

"Nahodha, siku hizi mbio zangu zinaishia chooni," Umeme alisema, akacheka, kikohozi kikamkatiza. Alipotulia alimkabidhi jezi yake nyekundu. "Mpe mwenye kifua."

Nyumba ya pili ilikuwa ya marehemu beki wao, waliyemzika mwaka jana. Fundi alipita kumjulia hali mjane tu. Yule mama alimtolea jezi iliyofuliwa na kupigwa pasi. "Aliacha usia, shemeji. Usimpe mtu mwembamba, itampwaya." Wakacheka wote wawili.

Kipa ndiye aliyemmaliza kabisa. Alikuwa bustanini, mkakamavu, anang'oa magugu.

"Nimeacha, nahodha! Daktari alinitisha, nikaacha. Sasa nanusa mpaka sabuni anayoogea jirani!" Akamtupia jezi. "Ila sheria ni sheria. Kwenu sichezi tena."

Ikawa hivyo mlango kwa mlango. Kufikia uwanjani begi limejaa jezi, machungwa hayana pa kuingia, na Mabomba wenyewe, Fundi akiwemo, wako wanne.

Akatazama upande wa pili. Mapafu walikuwa wametimia uwanjani, na pembeni benchi limesheheni wazee waliofunga magoti bandeji, wanagombana nani aingie kwanza. Si kwamba wao hawakuzika. Mmoja aligongwa na gari, mwingine moyo ulisimama usingizini bila hata sigara moja. Lakini walianza wakiwa sawa, na sasa wenzake walikuwa na watu wa kugombania nafasi.

Fundi alikaa kwenye nyasi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye pakiti, ukaishia hapo. Aliwakumbuka wenzake mmoja mmoja, nyuma ya ghala, wakiazimana kiberiti na kucheka. Babu alikuwa babu kweli. Lakini babu mmoja hatoshi kuunda timu.

Kipara alikuja akitembea kwa madaha, birika kwapani, utani umemjaa mdomoni. Alipoliona lile begi, utani wote ukayeyuka.

"Shemeji. Wako wapi?"

Fundi akalifungua begi. Kipara akazitazama zile jezi, akaketi naye chini, birika akaliweka katikati yao.

"Nimechoka kukusanya jezi," Fundi alisema. Akamwita mkewe kutoka kwa watazamaji, akamwekea pakiti na kiberiti mkononi. Mkewe akavifunga kwenye ncha ya khanga yake, mafundo mawili.

"Nipe nafasi kwenye timu yako," Fundi akamwambia Kipara.

"Wewe? Mapafu?" Kipara akajikaza asicheke, akashindwa. "Hukuliona benchi? Yule ana goti bovu lakini anaapa amepona. Wale wawili wananinunia tangu mwaka juzi. Na kipa wako keshaniomba asubuhi. Wewe mgeni unakaa nyuma yao wote. Mpaka zamu ikufikie ni miaka kumi, shemeji!"

Fundi akasimama, akajipangusa nyasi, akaenda mpaka kwenye lile benchi.

"Sogeeni," aliwaambia. "Hiyo miaka kumi ndiyo ninayoitaka."