Kisiwa cha Waridi

Kila asubuhi, kabla mtambo wa kuchapia haujaanza kulia, niliroweka gundi katika maji ya uvuguvugu, nikasaga rangi zangu na kuzipanga dirishani kwa utaratibu uleule: njano, waridi, buluu, na mwisho kijani. Kijani niliiweka mbali na mkono, kwa sababu hutengenezwa kwa kutu ya shaba, ambayo ni sumu, na mimi nina tabia mbaya ya kulainisha ncha ya brashi mdomoni. Kisha nilivuta ramani ya kwanza ya Asia na kuanza na Sailani, kisiwa kilicho kusini mwa Bara Hindi. Sailani ni ndogo, haina mipaka ya kugombaniwa. Mkono hupata joto pale.

Asubuhi ile sikuwa nimefika hata nusu ya Sailani pale ami Wolfert alipoingia na kofia yake kichwani, akabwaga karatasi mezani kwangu, juu ya rangi mbichi.

"Tazama!"

"Ami, rangi haijakau..."

"Achana na rangi! Tazama hiyo!"

Ilikuwa ramani ya Asia, lakini si ya kwetu. Pembeni ilikuwa na jina la Lubbert, mwenye duka la darajani, ambaye ami hakuweza kumtaja bila kutema mate kwanza. Jina lilikuwa la Lubbert, ila pwani zilikuwa zetu. Korea ilishikamana na bara, kama kwetu, wakati Amsterdam nzima bado iliichora kisiwa. Mito ya Bengala ilimwaga maji yake baharini kwa mikunjo ileile niliyoipaka buluu mpaka nikaiota.

"Ameitundika leo," ami alisema. "Sisi tunauza yetu tangu mwezi uliopita. Yule mbwa ameipata wapi?"

Ramani yetu, kama ami alivyomwambia kila mteja, ilitokana na mchoro wa rubani mzee aliyerudi kutoka Mashariki. Mchoro huo hakuna aliyewahi kuuona zaidi ya ami na mchongaji wake. Juu ya ramani hiyo ami alikuwa ameomba hati ya Serikali, ili mtu mwingine yeyote asiruhusiwe kuichapisha.

Alishusha sauti na kutazama mlango wa chumba cha kuchongea. "Maana yake mwizi yumo humu ndani."

Mle chumbani alikuwa Gillis.

Gillis alitoka Antwerp, kusini, na katika mji wetu hilo lilitosha kumfanya mtu ashukiwe. Karakana mbili zilikuwa zimemfukuza mlangoni kabla ami hajampokea. Teunis, anayezungusha mtambo, alipenda kusema kwa sauti ya kusikika: "Mtu wa kusini akikuamkia, hesabu vidole vyako." Gillis alicheka tu. Kazi yake ilikuwa kuchonga dunia kinyumenyume kwenye bamba la shaba, mashariki upande wa magharibi, ili karatasi ikichapwa kila kitu kikae mahali pake. Tabia hiyo ilikuwa imemwingia mpaka ulimini. Kila asubuhi aliniita jina langu, Machteld, kutoka mwisho: "Umeamkaje, Dlethcam?" Mimi niliinama kwenye rangi zangu na kujibu "Salama" kwa sauti ambayo nadhani haikumfikia.

Ami alivuta kigoda akaketi karibu nami. "Mwanangu, wewe ni mtu wa kimya, na mtu wa kimya huona mengi. Hujaona chochote? Kwa huyu kijana?"

Nilikuwa nimeona. Jumamosi, wakati wa kufunga, Gillis alikuwa ametoka na karatasi iliyoviringishwa ndani ya koti, akitazama nyuma kama paka mwenye dagaa mdomoni. Neno lilinitoka kabla sijalipima. Nilipolisikia likitoka, nilitamani kulirudisha.

Ami alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno kwa mtu aliyekasirika.

"Basi. Alhamisi wasimamizi wa chama cha wachapaji watakuja hapa. Utawaambia hivyohivyo."

"Watamfanya nini, ami?"

"Watamfuta. Hakuna karakana itakayompa tena bamba, si hapa wala Leiden." Alisimama. "Sema tu ulichokiona."

Tangu saa ile nyumba iligeuka. Ami alianza kufunga kabati la mabamba kwa ufunguo na kuuvaa shingoni. Teunis alihamisha mfuko wake wa mkate na jibini kutoka kwenye msumari uliokuwa karibu na koti la Gillis, kana kwamba jibini nayo ingefika darajani kwa Lubbert. Gillis aliyaona yote hayo na hakuuliza kitu. Kunyamaza kwake kulinitia wasiwasi zaidi. Mtu asiye na hatia huuliza, nilijiambia. Halafu nikajiuliza mimi mwenyewe ningeuliza nini, na kwa ulimi upi.

Jumanne sikuweza kuvumilia tena. Teunis alipotoka kwenda kunywa bia yake ya mchana, niliingia chumba cha kuchongea bila kubisha. Gillis alikuwa ameinamia bamba, na nilipotamka jina lake alishtuka, kile chuma chake chenye ncha kikateleza.

"Umeniua!" alisema. "Njoo uone. Umewapa Waajemi ziwa."

Nilitazama. Kovu kwenye bamba lilianza nene, likachongoka na kuishia kama mkia wa panya.

"Samahani."

"Litasuguliwa, litatoka. Chuma kikiteleza huandika hivyohivyo kila mara, kichwa kinene, mkia mwembamba." Aliweka chuma chini. "Sema, Dlethcam. Hujawahi kuingia humu. Nani amekutuma?"

"Hakuna." Uso uliniwaka. "Jumamosi ulitoka na karatasi."

Tabasamu lake lilizimika. "Kumbe ni wewe uliyesema."

"Ilikuwa nini, Gillis?"

Alifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Ile uliyoiharibu. Ile ambayo buluu ilivuja, bahari ikapanda juu mpaka Malaka, ukalia, ukaitupa. Nimeibandika juu ya kitanda changu. Unaweza kuja na hao wasimamizi mkaibandue."

"Kwa nini uichukue iliyoharibika?"

"Nilidhani wewe ni mtu wa kimya, si mjinga," alisema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa mwekundu hadi masikioni.

Sikujua niweke wapi macho yangu. Nilitaka kumwamini, na kule kutaka ndiko kulikonitia shaka. Mtu muongo angesema nini tofauti?

"Kama si wewe," nilisema polepole, "ni nani aliyempa Lubbert?"

"Umeuliza swali la ami yako. Jiulize la kwako." Alichukua chuma chake. "Mimi yule rubani mzee sijamwona. Nililetewa karatasi ya mafuta, ile inayoonyesha kilicho chini yake, iliyonakiliwa kwa wino juu ya kitu fulani. Basi. Ami yako alinipa kazi wakati wengine walinifungulia mbwa. Mimi sisemi, na hata nikisema, nani atamsikiliza mtu wa kusini?"

Jumatano ami aliniagiza nipake nakala moja kwa uzuri wote ninaouweza, ili wasimamizi waione kando ya ile ya Lubbert. Alinitandikia zote mbili mezani, akatoka.

Nilifanya kazi taratibu. Nilipaka Sailani, nikapaka pwani ya Bengala, nikafika kwenye kisiwa kidogo katikati ya ghuba. Nilikipenda kisiwa kile. Hakikuwa na jina, na sikukiona kwenye ramani nyingine yoyote. Ami aliwaambia wateja kwamba manahodha hupata pale maji matamu. Mimi nilikipaka rangi ya waridi, siku zote, na wakati mwingine mchana nilikaa humo kichwani, peke yangu, bila mtu wa kunisemesha.

Nikatazama ramani ya Lubbert ili nione kama naye anacho.

Alikuwa nacho, mahali palepale. Lakini hakikuwa kisiwa. Hakikuwa na ufuo wala umbo. Kilikuwa alama moja tu, nene kichwani, nyembamba mwishoni, kama mkia wa panya.

Brashi ilisimama mkononi mwangu.

Chuma kilikuwa kimeteleza. Mchongaji wa Lubbert alishtuka siku moja, labda mtu aliingia bila kubisha, na hakuliona kovu lake. Halafu mtu mwingine akaweka karatasi ya mafuta juu ya ramani ile, akafuata kila mstari kwa uaminifu, na alipofika kwenye kovu akadhani ni nchi kavu. Akalizungushia ufuo.

Nilijaribu kuligeuza jambo lile. Nilijaribu kwa moyo wote, kwa sababu ami ndiye aliyenilea tangu tauni ilipowachukua wazazi wangu. Tuseme Lubbert ndiye aliyenakili kwetu. Angekiona kisiwa, angechora kisiwa. Kovu linaweza kukua likawa kisiwa kwenye mkono wa mtu asiyejua. Kisiwa hakiwi kovu.

Nikakumbuka jambo ambalo kila mtu wa kazi yetu analijua: Lubbert huwapelekea manahodha nakala za kujaribia miezi mingi kabla ya kuuza, wamkosoe. Nakala hizo huzunguka katika vilabu vya bia vya bandarini, na karatasi inayozunguka vilabuni hupotea.

Ami aliporudi alinikuta nimekaa, mikono mapajani.

"Mbona hupaki?"

"Ami, yule rubani aliitwa nani?"

Alivua kofia, akaitundika, ikaanguka, akaiokota. "Rubani ni rubani. Amekufa."

"Alikionaje hiki kisiwa?"

"Machteld." Alisema jina langu kama mtu anayefunga dirisha. "Kesho hutaulizwa visiwa. Utaulizwa kama ulimwona akitoka na karatasi. Ulimwona?"

"Nilimwona, lakini karatasi yenyewe..."

"Basi, hiyo 'lakini' haihitajiki. Sema ulichokiona. Mengine niachie mimi."

Usiku ule kwenye chakula alinimegea kipande cha samaki wa chumvi kikubwa kuliko chake.

Wasimamizi walikuja wawili. Aliyesema ni Bwana Isbrand, mzee mnene mwenye kola nyeupe, aliyechoshwa na mashtaka ya watu wa ramani. "Kila mwaka," alisema akiketi, "mnaibiana bahari ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeivuka." Teunis alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Gillis alisimama karibu na mlango, kofia mikononi, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa.

Ami alieleza vizuri. Alieleza juu ya rubani, juu ya hati ya Serikali, juu ya mgeni aliyemhurumia, kumbe anafuga nyoka. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Binti," alisema Bwana Isbrand, "usiogope. Ulimwona huyu kijana akitoka na karatasi?"

"Nilimwona."

"Sema kwa nguvu kidogo."

"Nilimwona, Bwana. Ilikuwa ramani niliyoiharibu mimi mwenyewe. Niliitupa, akaiokota. Tayari ilikuwa na rangi, na imebandikwa chumbani kwake."

Ami aligeuka. "Machteld! Sema kama tulivyokubaliana."

Nilishika ukingo wa meza. Ramani mbili zilikuwa pale, kando kwa kando. Niliweka kidole kimoja kwenye kisiwa changu cha waridi na kingine kwenye kovu la Lubbert, kwa sababu ilikuwa rahisi kutazama vidole kuliko kutazama uso wake. Gillis alisogea hatua moja, akainama, akaona. Alimtazama ami wangu kwa huzuni, kama anayemtazama mgonjwa.

"Tulikubaliana nini, ami?" niliuliza. Sikuuliza kwa ukali. Nilikuwa nalia. "Hujaniambia bado. Kila mara unasema sema ulichokiona, na nikianza kusema unanikatiza. Niambie maneno yenyewe. Wewe ni baba yangu, nitayasema."

"Bwana Wolfert?" alisema Isbrand.

Ami alifuata vidole vyangu kwa macho, kimoja, halafu kingine. Macho yake yalikaa muda mrefu kwenye kile kisiwa. Uso wake ulilegea taratibu, na nikajua kwamba mpaka dakika ile yeye mwenyewe alikuwa akiamini kuna maji matamu pale.

Akaketi kwenye kigoda changu, mbele ya rangi zangu.

"Tulikubaliana kwamba utasema ni Gillis," alisema, "ili mimi nisije nikasema ni mimi."