Shati la Dirisha la Digna

Siku ya nne tangu riwaya ya Libia itoke, Digna Esther aligeuza kiti chake cha kubembea kikatazama ukuta. Katika mtaa ule wa kando ya mto Magdalena, ambako alasiri kila mtu hukaa mlangoni kupunga upepo na kuchambua wenzake, kiti kilichoipa barabara kisogo kilikuwa kama tangazo. Libia Escorcia alilisoma akiwa kibarazani kwake, upande wa pili, akaacha kutafuna arepa yake, mkate wa mahindi wenye yai.

Kosa lake alilijua. Katika riwaya alibadili kila kitu: jina, mji, rangi ya macho, hata ushonaji wa Digna akaufanya uokaji wa mikate. Ila shati aliliacha. Miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, Digna alipiga pasi shati jeupe la mumewe Ubaldo akalitundika dirishani, na mtaa ukamsifu: mume yuko Venezuela anahangaika, na mke bado anamngoja. Libia peke yake ndiye aliyeambiwa, siku moja wakimenya mihogo, kwamba Ubaldo hakuvuka mpaka wowote. Yuko ng'ambo ya mto, nusu saa kwa mashua, na mke mwingine na watoto watatu. Libia alijaribu kuliondoa shati. Kila alipoliondoa sura nzima ililegea. Akalirudisha, na siri ikabaki nalo kitabuni.

Kesho yake asubuhi Libia alihojiwa redioni.

"Mama mwandishi," alisema Chepe mtangazaji, "watu wamenipigia simu mpaka sikio limewaka. Yule mwanamke wa shati ni nani?"

"Wa kubuni tu, Chepe."

"Wa kubuni, na dirisha tunalipita kila siku?"

Libia alicheka. Mchana kipindi kilirudiwa, na alipokuwa akirudi nyumbani na mfuko wa ndizi alikisikia kicheko chake kikitoka mlango hadi mlango, kikimtangulia, mpaka kwenye mlango wenye kiti kilichogeuzwa. Hapo redio ilizimwa.

Alhamisi aliwasomea watu kitabu chake maktabani. Aliota umati ule miaka mingi: viti vimejaa, wengine wamesimama, majirani wamejipaka manukato ya Jumapili. Hawakuja kwa ajili ya fasihi. Digna alikuja pia, akaketi mbele kabisa, akijipepea, bila kumsalimu, ingawa ndiye aliyemshika bintiye Libia kanisani siku ya ubatizo.

Maswali yalipofunguliwa, Nuris wa duka la dawa hakungoja kupewa nafasi. "Libia, mwanangu, usituzungushe. Yule mume mwenye nyumba mbili ni wa nani?"

Upepeo wa Digna ukasimama. Libia aliitazama ile mikono iliyomfundisha kukunja nepi, akaona kwamba kusema tena "wa kubuni" sasa kungekuwa kulitaja jina la Digna kwa sauti kubwa.

"Shati nililiazima dirishani kwa Digna," alisema. "Nani hapa halijui? Lakini yule mume, Nuris, ni wangu."

"Mungu wangu! Mumeo Ramiro?"

"Huko mgodini La Guajira anakofanya kazi, halali peke yake."

Miguno ilipanda mpaka darini. Nuris alijishika kifua kwa furaha aliyoiita huruma. Vitabu vyote viliisha, na kila aliyetaka sahihi alimbana Libia mkono kama mtu aliye msibani. Digna alikuwa wa mwisho. Alisukuma nakala yake mezani.

"Muongo mkubwa wewe," alimnong'oneza. "Hata pasi huijui."

"Niandike nini, shoga?"

"Andika jina lako. Langu umeshaliandika."

Jumamosi Libia aliamka akasikia hodi. Digna alikuwa mlangoni, shati limening'inia kidoleni, kola imekakamaa kwa wanga.

"Kama mume ni wako," alisema, "na hili ni lako."

"Digna, nisikilize..."

"Litundike kabla jua halijapanda, lisipate manjano." Akavuka barabara bila kugeuka nyuma.

Libia alilitundika. Alilinyoosha mabega, akalifunga kifungo cha juu, kama alivyoandika kwenye riwaya kwamba hufanywa. Upande wa pili dirisha la Digna lilikuwa tupu, vyuma tu, na nyuma yake chumba ambacho mtaa haukuwahi kukiona vizuri kwa sababu ya lile shati.

Alasiri Nuris alipita, akapunguza mwendo. "Ramiro anakuja kesho, eh? Kwa shati hilo, naona amekonda."

"Amekonda kidogo," alisema Libia.

Digna alikuwa ametoa kiti. Alikiburuza, akakitazamisha barabarani, akaketi. Hakumwangalia Libia. Alikuwa akilitazama shati, kwa makini, kama mtu anayekagua kazi ya mwingine, na kiti kikaanza kubembea.