Stata ya Tatu

Lori liliingia gereji likiunguruma, likasimama mbele ya kibanda cha spana, na mwanamke aliyeliendesha hakulizima. Aliteremka, akaacha mlango wazi, akapaza sauti kushindana na injini.

“Kaka, usiguse funguo! Nikilizima hapa, kuwaka kwake ni kudra.”

Fundi alijifuta mikono, akamtazama binti wa mjomba wake. Macho ya binti yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Watu wa gereji walimwita fundi huyu Taratibu, na hakuna aliyekumbuka kama jina hilo lilianza kama sifa au kama kejeli. Ufundi wa umeme wa magari hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa, kwa sababu hivyo havikuweza kufa zaidi.

“Unalala wapi na gari linalonguruma?” aliuliza.

“Naegesha mlimani. Asubuhi naliachia linateremka, linawaka lenyewe. Pasipo mlima, silizimi.” Akatazama barabarani. “Baba anakuja. Ana stata nyingine mkononi, ya tatu hii. Amesema ikishafungwa, mimi nishuke. Keshampata dereva, mwanamume mmoja aliyekuwa akiendesha mabasi.”

“Kwa sababu ya stata?”

“Anasema mimi ndiye ninayeziua. Yeye ameliendesha lori hili mpaka magoti yakamkataa, halijawahi kumsumbua. Nimelishika mimi tu, ndipo likaanza kuwaka kwa kubembelezwa. Sasa utamjibu nini mtu kama huyo? Hesabu yake imekaa sawa.”

Taratibu alikuwa na tabia ya kuliacha neno likae kwanza, aone kama litatulia au litageuka upande. Ni kweli hesabu ilikaa sawa. Hilo ndilo lililomsumbua.

Mjomba alifika kwa miguu, akichechemea, boksi la stata limebanwa kwapani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Funga hii, baba, nina haraka.” Hakumtazama binti yake. “Na huyu mwambie azime. Mafuta hayachotwi mtoni.”

Binti akazima. Ukimya ulioingia gereji ulikuwa mzito, kama wa nyumba ambayo watu wameacha kusemezana.

“Mjomba, nipe nafasi nipime kwanza.”

“Upime nini tena? Betri mpya. Stata nimekuletea. Wewe tangu utotoni, kuvaa viatu tu ilikuwa safari. Wenzako wanarudi shuleni, wewe bado unatafuta kamba!”

“Lakini sikuwahi kuvaa cha kulia kushoto, mjomba.”

Mzee alitaka kukasirika, cheko likamponyoka. Taratibu alitumia mwanya huo huo. “Watoto wawili wakiumwa tumbo katika nyumba moja, hatuleti mtoto wa tatu. Tunakwenda kufunua chungu. Stata mbili zimeungua humu. Tufunue chungu.”

“Haya, funua. Lakini kipakuliwe leo leo, kabla hakijapoa.”

Taratibu alikuwa na sheria moja, na ndiyo iliyompa jina: hakulegeza nati yoyote kabla ya kupima. Nati ukishailegeza, alisema, umefuta alama za nyayo, na mwizi hutamjua tena. Akafunga njia ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, akaweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye betri, akamwomba binti apige stata.

Injini ilijikokota. Nguu… nguu… nguu, kama mtu anayeamshwa siku ya mapumziko. Mita ilishuka kidogo tu. Betri zilikuwa na nguvu zake zote. Akapima kwenye stata yenyewe, ile mota inayoizungusha injini mpaka iwake, na pale karibu theluthi ya nguvu ile haikuwepo. Stata ilikuwa inafanya kazi ya punda kwa chakula cha kuku. Ndiyo maana ilichoka, na kwa kuchoka ilizungushwa muda mrefu, na kwa kuzungushwa muda mrefu iliungua.

Nguvu ilikuwa inapotea njiani. Akapima waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye stata. Haukupoteza kitu cha kusema. Ikabaki njia ya kurudi.

“Kuna jambo lingine limebadilika?” alimuuliza binamu yake.

“Pedeli ya mafuta. Imekuwa nzito, inakwama.”

“Anaikanyaga kama anatwanga,” mjomba akadakia.

Taratibu aliingia chini ya kichwa cha lori, akagusa waya wa chuma unaotoka kwenye pedeli hadi kwenye injini. Ulikuwa wa moto. Ala yake ya plastiki ilikuwa imelainika na kujikunja. Akalala pale chali, akawaza. Umeme wa stata lazima urudi betri. Ukifungiwa mlango mkubwa, utatokea dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa ni huu waya mwembamba wa pedeli. Basi mlango mkubwa uko wapi?

Aliuona bila kutafuta sana. Ulikuwa mkanda mpana wa shaba uliosukwa, upande mmoja umefungwa kwenye injini, upande wa pili kwenye chesisi, fremu ya lori ambako betri nazo zimeungwa. Bolti ilikuwa imekazwa barabara. Lakini chini ya kichwa cha mkanda, kati ya shaba na chuma, palichungulia ukingo wa rangi ya bluu, nene, inayong'aa.

Taratibu aliijua rangi ile. Kila mtu katika ukoo aliijua. Mjomba alipoona magoti yamemshinda, kabla ya kumkabidhi binti lori, alilisugua na kulipaka upya kwa mkono wake, sehemu kwa sehemu, akifungua kila kinachofunguka ili brashi ifike. Hata mahali ambapo jicho lisingepita, alipaka mara mbili. Watu walimtania kwamba anampamba bibi harusi. Na ilikuwa kweli. Ila chuma alichokivika rangi pale ndicho kilichotakiwa kubaki uchi, kigusane na shaba.

Kwa hiyo lori halikuanza kusumbua kwa sababu binti alilishika. Lilianza kusumbua kwa sababu baba alilitayarisha ili alishike.

Taratibu alikaa chini ya lori zaidi ya alivyohitaji. Angeweza kukwangua rangi ile kimya kimya, afunge stata mpya, kila mtu aende na heshima yake. Maisha yake yote alikuwa amepitia njia hiyo. Lakini heshima ya nani? Stata mpya ingesifiwa, dereva mgeni angepanda, na yule mwanamke angekwenda na sifa ya kuua vyombo mpaka mwisho wa siku zake. Angesema ni kutu? Kutu nayo ingekuwa uzembe wa dereva. Na kumwambia mzee mbele ya mwanawe, “Mjomba, ni wewe,” ulimi wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa hakutaka, kumvua nguo hakuweza.

“Umelala huko?” mjomba aliuliza.

“Mjomba, njoo unishikie hizi ncha. Mikono yangu haitoshi.”

Mzee alipiga goti moja kwa taabu, akaingiza kichwa na mabega. Taratibu akampa mita. “Hii weka kwenye mwili wa injini. Hii kwenye chesisi. Zote mbili ni chuma kimoja, zimefungwa pamoja. Mita inatakiwa isione tofauti.”

“Naona sifuri.”

“Piga!” Taratibu akaita. Injini ikajikokota, na namba ikaruka juu.

Mjomba akakunja uso. “Mwambie tena.” Injini ikajikokota tena. Namba ikaruka tena. Safari hii mzee hakuiangalia. Macho yalikuwa yameufuata mkanda hadi kwenye bolti, yakatua pale. Akanyoosha kidole, akaikwangua bluu kwa ukucha. Haikutoka. Alikuwa ameipaka vizuri.

Taratibu alitazama pengine.

“Nipe spana,” mzee alisema baadaye. “Na msasa.”

Alifungua mwenyewe, akasugua mwenyewe, akipumua kwa pua, mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya. Alisugua na kichwa cha mkanda. Akafunga, akakaza. Taratibu akafungua njia ya mafuta. Mzee hakusema piga. Aligonga tu mlango wa lori kwa kiganja.

Injini haikujikokota. Ilizunguka kwa kasi, ikadaka, ikawaka.

Kule juu binti akazima, akawasha. Akazima tena, akawasha tena, mwishowe akazima. Hakuna aliyemkataza.

Mjomba alijiinua, akaegemea bampa, akatoa simu. Alibonyeza, akasikiliza, akakohoa.

“Ndiyo, mimi. Sikiliza, ndugu yangu, usije.” Akatikisa kichwa. “Hapana, hujakosea kitu. Lori lina dereva wake. Lilikuwa na ugonjwa, tukamsingizia yeye.” Sauti ya upande wa pili ilisema jambo. Mzee akafumba macho. “Nani mwingine, kama si mimi? Nilifunga waya juu ya rangi yangu mwenyewe.”

Injini ilikuwa imezimwa. Neno hilo lilitoka likiwa wazi, likapanda hadi dirishani, ambako mkono wa binti ulikuwa umetulia juu ya usukani.

Chini ya lori, Taratibu alichovya kidole kwenye grisi, akaipaka kuizunguka bolti ile, unyevu usije ukaingia. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Aliifanya kwa utaratibu wake wote, na hakutoka mpaka aliposikia mlango wa kabini ukifunguliwa na miguu ya binamu yake ikigusa chini, ikienda upande wa bampa.