Wifi Atoke Pichani

Serafina sikumpenda, na sitajifanya. Miaka kumi na kaka yangu Bernadi, mtoto hata wa dawa hakuna! Bernadi alipofariki niliupekua mzigo wake pale mlangoni, nikaichana nakala yake ya picha ya harusi mbele ya watu, nikamwambia arudi kwao Lundo.

Ikabaki ile ya ukutani, na yeye humo anachekelea. Baba yetu, Mzee Raimundi, alikuwa akisimama mbele ya picha hiyo kila asubuhi kabla ya uji. Nilidhani anamwombea Bernadi.

Misa ya mwaka ya Bernadi ilipokaribia nikaitungua picha, nikatoka nayo Matiri kwenda Mbinga mjini. Thadei wa studio alikuwa ameleta kompyuta inayofuta watu pichani.

"Dada, nikimtoa bibi harusi, huyu wa nyuma yake ataharibika."

"Toa! Sikuja kuulizwa maswali."

Sikutazama nyuma kuna nani. Bernadi akatoka peke yake, safi, mbele ya pazia la buluu. Ile ya zamani nikaitia jikoni ikaungua, mpya nikaitundika.

Asubuhi baba akasimama ukutani.

"Walburga, mama yako umempeleka wapi?"

Mungu wangu! Nyuma ya Serafina alisimama mama, mkono begani kwake. Alikufa mwaka uleule wa harusi, na hakuwahi kupigwa picha nyingine.

Nikashuka hadi Lundo, ziwani, kiburi nimekimeza. Serafina alikuwa anaanika dagaa.

"Wifi, nakuomba ile nakala yako."

"Si uliichana, wifi? Vipande niliviokota, mvua ikaviharibu njiani."

Kisha akanikaribisha ugali. Heri angenitukana.

Nikarudi kwa Thadei nalia; ile ya zamani hakuwa ameihifadhi kwenye kompyuta.

"Unafanana na mama yako?"

"Watu husema ni yeye mtupu."

"Basi kaa hapo."

Akanipiga picha, akanizeesha kwenye kompyuta, akanitia mvi na kilemba cha mama. Nilipoiona nilipiga kelele: mama huyo, mzima mzima!

Baba aliipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliitazama mpaka uji ukapoa.

"Huyu ni wewe," akasema. "Mke wangu hakuwa na macho mabaya."

Akanirudishia, akaketi kunywa uji wake. Ukutani hasimami tena.