Nukta Mbili Mwishoni mwa Neno

Darasa la taamuli lilianza saa kumi na mbili asubuhi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vigae vya bafuni. Mfagizi alikuwa akifika nusu saa kabla, akipiga deki ukumbi, akitandika mikeka kumi na minane, kisha akikaa nje ya mlango juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka watu watoke. Magoti yalikuwa yakimsumbua tangu alipomzika mumewe. Nesi alimkataza kupiga magoti. Akaitikia kwa adabu, akarudi kazini kupiga magoti.

Kwa miaka sita alisikia somo lile lile. Mwalimu, mwanamume mpole mwenye shingo ndefu, alikuwa na neno moja la Kisanskriti, lenye maana ya amani, ambalo wanafunzi walishindwa kulitamka.

"Shantihi," alisema. "Kwenye t, ulimi uguse meno. Zile nukta mbili zinazoandikwa mwishoni mwake ni pumzi. Irabu inarudi kidogo tu, kama mtu anayepulizia kioo akifute."

Wengine wakasema "shanti." Wengine wakasema "shantihii," kama wanaita mbwa.

Mfagizi hakuona ugumu wake. Bibi aliyemlea alimtamka kaa wa matopeni kwa pumzi, na kaa la moto bila pumzi, na mjukuu aliyechanganya alisema upya mpaka apatie.

Jumanne moja darasa lilipitiliza muda, naye akaingia na ufagio wake. Wanafunzi wakakosea tena. Bila kukusudia, akalisema neno lilivyo.

Wote kumi na wanane, mwalimu akiwemo, wakainuka mikekani, miguu imekunjwa vile vile, wakatulia hewani kiasi cha kimo cha meza. Mwanasheria wa mstari wa nyuma, aliyekuwa mwembamba, alianza kupeperushwa na feni, mfagizi akaizima. Akaona vumbi walilokuwa wamelikalia, akalifagia. Baada ya dakika kumi wakashuka mmoja mmoja.

"Leo tumekaa vizuri," alisema mwanasheria, akitafuta viatu.

Mwalimu akamwita mfagizi kando. "Mama, umejifunzia wapi?"

"Hapo nje, mwalimu."

"Kesho useme tena. Ila usimame nyuma ya pazia, wasije wakakosa utulivu."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mwanasheria akamletea mwalimu shada la maua kwa kuwafundisha matamshi. Wanafunzi walikuwa bado wanasema "shanti."

Neno liliwainua waliolisikia, si aliyelisema. Mfagizi alilijaribu nyumbani akiwa amekaa kitandani, na aliyeinuka ni binti yake, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, nishushe, nachelewa kazini," alisema binti.

Miezi mitatu baadaye mfagizi alimfuata mwalimu ofisini. "Naomba siku moja unisemee na mimi. Nipumzishe magoti."

Mwalimu hakuwa na roho mbaya. Akafunga macho, akalisema neno polepole. Mfagizi akasubiri. Visigino vyake vilibaki sakafuni. Ndipo alipotambua kuwa kwa miaka sita yote mwalimu naye alikuwa akiibana pumzi mwishoni.

"Iachie, mwalimu. Usiibane."

Akalisema tena. Kalamu mezani haikutikisika.

"Nitafanya mazoezi," mwalimu alisema. "Ila si wiki hii. Na hata nikipatia, mama, wakiwa juu nani atafagia?"

 Mfagizi hakukasirika. Hasira ilikuwa kitu alichokumbuka kuwa nacho zamani, kama nguo iliyombana akaigawa.

"Kweli," akasema.

Kwa kuwa sasa ukumbi ulifagiwa watu wakiwa hewani, kazi iliisha mapema. Msimamizi wa jengo akaliona hilo, akamwongezea ngazi za ghorofa mbili za chini.

Asubuhi iliyofuata alisema neno, akatoka nyuma ya pazia, akapita na ufagio chini yao. Kitambaa cha mwanasheria kikadondoka.

"Mama, niokotee," alisema mwanasheria, bila kufumbua macho.

Mfagizi akainama taratibu, mkono mmoja ukishika ukuta. Akakikung'uta kitambaa, akakiweka juu ya paja la mwanasheria, akakilaza vizuri kisidondoke tena. Kisha akaenda kuanza ngazi.